Msemaji Anagharimu Kiasi Gani? Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Pesa za Maafisa wa Habari katika Ofisi za Serikali Kenya

Nilihudhuria ufunguzi wa kisima katika kaunti moja ya Pwani ambayo sitaitaja. Gavana akaja na msafara wake, ngoma zikapigwa, mfereji ukafunguliwa, hotuba zikaanza. Nilipochoka na hotuba nikaanza kuhesabu watu. Waliokuwa na kamera, vinasa sauti na simu zilizofungwa kwenye vijiti walikuwa tisa, wote wamevaa fulana zenye nembo ya kaunti. Fundi wa pampu alikuwa mmoja, na hakupewa fulana. Nikamwendea diwani wetu nikamuuliza wale tisa wanalipwa kutoka fungu gani. Akacheka. "Ndugu yangu, hata mimi ninayepitisha bajeti sijui."

Wala hakuwa akitania. Gharama ya watu wa habari serikalini haijaandikwa kwenye mstari mmoja popote. Imegawanywa: kipande kiko kwenye mishahara, kingine kwenye safari, kingine kwenye matangazo, kingine kwenye mikataba ya ushauri, na kipande cha mwisho kimelala kwenye bili ambazo hazijalipwa. Ukiuliza "mnatumia pesa ngapi kwa habari?" utapewa kipande kimoja, kwa kawaida kile kidogo, na aliyekupa hatakuwa amesema uongo. Ninayoyaeleza hapa ni njia ya kuvikusanya vipande hivyo, kwa sheria na vitabu vya Kenya, pamoja na makosa niliyoyafanya mimi ili wewe usiyarudie.

Nitangulize neno moja. Kuajiri afisa wa habari si dhambi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazilazimu kaunti kuwa na njia za kuwasiliana na wananchi kupitia vyombo vinavyowafikia wengi, na kuwa na ofisi ya kuhakikisha mwananchi anapata taarifa. Kipindupindu kikizuka au shule zikifungwa kwa mafuriko, mtu lazima atoe habari hiyo upesi na kwa lugha inayoeleweka. Tunachotafuta ni kiasi, na kazi iliyofanywa kwa kiasi hicho.

Hatua ya kwanza: chagua ofisi moja na mwaka mmoja

Wengi hukwama hapa kwa sababu wanataka kujua "serikali nzima". Acha. Serikali nzima ni Ikulu, wizara na idara zake, mashirika ya umma, na kaunti 47. Chagua moja: idara moja ya wizara, au kaunti yako.

Kisha chagua mwaka wa kifedha, ambao huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30 ya mwaka unaofuata. Usichague mwaka unaoendelea. Chagua uliokwisha kukaguliwa. Kwa mujibu wa Katiba, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anatakiwa atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, yaani kufikia Desemba 31. Nyingine huchelewa kuonekana kwenye tovuti, kwa hiyo jipe nafasi.

Ukirudi miaka ya nyuma, jihadhari na majina. Ofisi za habari hubadilishwa majina kila serikali mpya inapoingia, na ukitafuta kwa jina la leo kwenye kitabu cha zamani utadhani pesa hazikuwepo. Kitengo cha habari cha rais kilijulikana kwa muda mrefu kama PPS (Presidential Press Service). Mwaka 2013, chini ya Uhuru Kenyatta, kikaja PSCU (Presidential Strategic Communications Unit). Chini ya William Ruto wanakiita PCS (Presidential Communication Service). Mbali na hao kuna Msemaji wa Serikali, wadhifa ulioanza 2004 na Alfred Mutua, ambao ni tofauti na msemaji wa Ikulu. Na kuna wakala wa matangazo ya serikali, GAA (Government Advertising Agency), ulioanzishwa 2015 ili matangazo ya wizara na mashirika yapitie mahali pamoja. Hili la GAA ni muhimu: tangazo la wizara yako linaweza kuwa limelipiwa kwenye kitabu cha ofisi nyingine kabisa.

Kila idara ya serikali kuu ina namba yake ya kura, yaani "vote" kwa Kiingereza, kwenye bajeti. Ofisi Kuu ya Rais ni 1011. Idara ya Utangazaji na Mawasiliano ni 1123. Andika namba ya idara yako juu ya daftari, maana ndiyo utakayotafutia kwenye faili ya PDF yenye mamia ya kurasa.

Hatua ya pili: hesabu watu kabla ya kuhesabu pesa

Mimi nilianza na pesa, nikapoteza miezi miwili. Anza na watu.

Tatizo ni kwamba cheo na kazi ni vitu viwili. Kuna aliyeajiriwa kama "afisa wa mawasiliano ya umma", huyo utamwona. Lakini kuna mpiga picha aliyeandikwa kama msaidizi wa ofisi, mhariri wa video aliyeandikwa kama afisa wa TEHAMA, kijana wa mitandao ya kijamii anayelipwa kama kibarua, mshauri ambaye kazi yake ya kila siku ni kuandika hotuba, na dereva wa gari la waandishi. Hapo hapo kuna walioazimwa: mtu anafanya kazi ofisi hii na mshahara wake unalipwa na ofisi iliyomtuma. Ukiuliza "mna maafisa wa habari wangapi?" utajibiwa watatu, na watatu ni kweli. Wale tisa wa kisimani wako wapi?

Kwa hiyo tengeneza orodha yako kwa macho. Chukua mwezi mmoja. Fungua kurasa rasmi za ofisi hiyo mtandaoni, tazama picha zimetajwa kupigwa na nani, taarifa kwa vyombo vya habari zimetiwa saini na nani na kwa cheo gani. Hudhuria hafla mbili. Tazama matangazo ya kazi yaliyotolewa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti katika miaka mitatu iliyopita: hapo utapata cheo, daraja, na kama ni ajira ya kudumu au ya kandarasi. Orodha hiyo usiichapishe. Wengi waliomo ni vijana wanaotafuta riziki. Ni ya kukusaidia kujua kama jibu utakalopewa baadaye lina mantiki.

Kuna sababu ya kisheria inayofanya watu wafichike hivi, na mara nyingi si ujanja wa mtu mmoja. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti ikishafika ukingoni na gavana bado anataka wapiga picha, njia inayobaki ni kuwalipa kama bidhaa au huduma iliyonunuliwa. Mtu yule yule, kamera ile ile, ila kwenye kitabu amehama kutoka "wafanyakazi" kwenda "huduma". Ukishalielewa hili, kitabu cha bajeti kinaanza kusomeka.

Hatua ya tatu: fungua droo moja moja

Bajeti ya Kenya hutumia namba moja kwa matumizi ya aina moja, wizara zote na kaunti zote. Ukijifunza namba chache umejifunza vitabu vyote. Zinazotuhusu ni hizi.

2110100 ni mishahara ya wafanyakazi wa kudumu, 2110200 ni ujira wa wa muda, na 2110300 ni marupurupu yanayolipwa pamoja na mshahara. Hapa wamo wote, wa habari na wasio wa habari, kwa hiyo namba hizi peke yake hazikuambii kitu isipokuwa kama kitengo cha mawasiliano kina fungu lake. Baadhi ya kaunti huweka kitengo hicho chini ya ofisi ya gavana, nyingine chini ya idara ya TEHAMA, nyingine chini ya utumishi wa umma. Tafuta kwanza kiko chini ya nani.

2210200 ni mtego, na mimi nilinaswa. Fungu hili kwa Kiingereza linaitwa "Communication, Supplies and Services". Nilipoliona nikajua nimepata dhahabu. Nikasimama kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, ukumbi wa wadi umejaa, nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba kaunti inatumia mamilioni kwa propaganda. Mhasibu mmoja, mama mpole, akaniomba nifungue ukurasa unaofuata nisome vifungu vidogo. Nikasoma: 2210201, simu. 2210202, intaneti. 2210203, posta na vifurushi. Nilikuwa nimeshambulia bili ya simu. Ukumbi ulicheka mpaka nikacheka na mimi. Tangu siku hiyo sisomi fungu bila kusoma vifungu vyake.

Fungu lenyewe hasa ni 2210500: uchapishaji, matangazo na huduma za habari. Ndani yake mna 2210502, uchapishaji. 2210503, ununuzi wa magazeti na majarida. 2210504, matangazo na kampeni za uhamasishaji. Na 2210505, maonyesho ya biashara. Usilichukue lote ukaliita gharama ya sifa. Tangazo la zabuni linatakiwa na sheria ya ununuzi wa umma. Tangazo la kazi vilevile ni haki ya anayetafuta kazi. Tangazo la chanjo ni huduma ya afya. Unachotaka ni ndani ya 2210504: kurasa za "mafanikio ya siku mia moja", mabango ya barabarani yenye uso wa kiongozi, salamu za heri, na zile rambirambi za ukurasa mzima ambazo jina la anayetoa pole limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko la marehemu.

2210300 na 2210400 ni safari za ndani na za nje. Nadhani hii ndiyo droo inayosahauliwa kuliko zote. Afisa wa habari hasafiri kwa hiari yake, humfuata bosi. Bosi akienda siku nne, kamera tatu zinaenda siku nne, na kila mmoja analipwa posho ya kulala kwa kiwango cha daraja lake. Katika ofisi inayozunguka sana, posho za mwaka zinaweza kukaribia mshahara wa mwaka. Kitabu cha bajeti hakitenganishi safari za watu wa habari, hivyo hapa lazima uulize.

2210800 ni ukarimu: chai, vyakula, kumbi. Kikao na waandishi wa habari hotelini kinaingia hapa, sio kwenye matangazo.

2211310 ni huduma za kitaalamu za kandarasi. Kampuni ya "ushauri wa mawasiliano", ya kutengeneza makala ya video, au ya "kusimamia mitandao" mara nyingi hulipwa hapa. Tazama kama fungu hili limeruka ghafla mwaka mmoja bila kueleweka.

Hatua ya nne: soma kitabu cha mkaguzi, usiishie kwenye bajeti

Bajeti ni ahadi. Kilicholipwa kiko kwenye hesabu zilizokaguliwa. Pakua kutoka tovuti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ripoti ya ofisi yako ya mwaka ule uliouchagua. Maoni ya mkaguzi yako mbele, nawe yasome, lakini kazi yako hasa iko nyuma, kwenye maelezo ya ziada ya hesabu.

Tafuta jedwali la matumizi ya bidhaa na huduma. Huwa na mistari kumi na kitu: umeme na maji, simu, safari za ndani, safari za nje, uchapishaji na matangazo, kodi, mafunzo, ukarimu, bima, mafuta ya magari. Kila mstari una safu mbili, mwaka huu na mwaka uliopita. Chukua rula, iweke chini ya mstari wa uchapishaji na matangazo, linganisha safu mbili. Hiyo ni taarifa yako ya kwanza isiyo na ubishi, na imekuchukua dakika ishirini bila kumwandikia mtu barua.

Halafu nenda kwenye viambatisho vya mwisho, kwenye orodha ya bili zisizolipwa. Watu huzipita kurasa hizo kwa sababu ni ndefu na herufi ni ndogo kama za kitabu cha dua. Tafuta majina ya magazeti, redio, runinga, kampuni za mabango. Hesabu za hadi mwaka wa 2023/24 ziliandikwa kwa msingi wa pesa taslimu, maana yake tangazo lililochapishwa na halijalipiwa halimo kwenye jedwali la matumizi. Ofisi inaweza kuonyesha imepunguza matangazo, kumbe imepunguza kulipa. Wenye vyombo vya habari nchini wamelalamika miaka mingi kuhusu madeni ya serikali, na ukitaka kujua kwa nini gazeti fulani linaiandika ofisi fulani kwa upole, wakati mwingine orodha hiyo ya madeni inakupa dokezo. Ni dokezo tu. Usilichukue kama ushahidi.

Ripoti za kila robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti zitakusaidia kwa jambo moja, nalo ni majira. Ukiona matumizi yamelala miezi tisa kisha yakafumuka kati ya Aprili na Juni, uliza kilichonunuliwa mwishoni mwa mwaka.

Hatua ya tano: andika barua isiyoweza kujibiwa kwa hadithi

Sasa una maswali mahususi, na hapo ndipo barua inakuwa na nguvu. Haki yako inatoka Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, namba 31 ya 2016. Mambo ya kujua kabla ya kuandika: lazima uwe raia wa Kenya, unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili, imeandikwa hivyo kwenye kifungu cha 8, huna haja ya kueleza unataka taarifa kwa nini, na kuwasilisha ombi ni bure, wanaweza kukutoza gharama ya kunakili tu. Kuna ofisi itakayokuambia ujaze fomu yake. Jaza ikiwa ipo karibu, lakini wasikukatalie kwa sababu tu hukutumia fomu.

Mpelekee mkuu wa ofisi, kwa sababu sheria inamfanya yeye kuwa afisa wa kutoa taarifa hata kama amemkabidhi mwingine kazi hiyo: Katibu wa Wizara kwa idara ya serikali kuu, Katibu wa Kaunti kwa kaunti. Usimpelekee afisa wa habari. Unamuuliza mshahara wake mwenyewe, usimweke kwenye mtihani huo.

Barua niliyoitumia mimi, baada ya kuirekebisha mara tatu, ni hii. Badilisha mwaka na ofisi.

*Kwa Katibu wa Kaunti.*

*KUH: Ombi la taarifa chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na kifungu cha 8 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari, 2016.*

*Mimi ni raia wa Kenya. Naomba taarifa zifuatazo kuhusu mwaka wa kifedha ulioanza Julai 1, 2023 na kumalizika Juni 30, 2024:*

*1. Idadi ya watu wote ambao kazi yao kuu ilikuwa habari, usemaji, picha, video, mitandao ya kijamii au uandishi wa hotuba, wawe wa kudumu, wa kandarasi, vibarua au walioazimwa kutoka ofisi nyingine, ikigawanywa kwa daraja la kazi. Sihitaji majina.*

*2. Jumla ya mishahara na marupurupu waliyolipwa watu hao, kwa kila kundi.*

*3. Jumla ya posho na gharama za safari za ndani na za nje zilizolipwa kwa watu hao.*

*4. Malipo yote chini ya fungu 2210500, yakigawanywa kwa vifungu vidogo. Na kwa kifungu 2210504, orodha ya waliolipwa, tarehe, kiasi, na tangazo lilihusu nini.*

*5. Mikataba yote ya ushauri wa mawasiliano, utengenezaji wa video au usimamizi wa mitandao, kiasi cha kila mkataba na fungu lililotumika.*

*6. Bili za matangazo na huduma za habari zilizokuwa hazijalipwa Julai 1, 2023 na Juni 30, 2024.*

*Ikiwa sehemu ya taarifa haiwezi kutolewa, naomba nipewe iliyobaki pamoja na sababu ya kuzuia sehemu hiyo.*

Maneno mawili kuhusu barua hiyo. "Sihitaji majina" ni funguo. Sheria inaruhusu kuzuia taarifa zinazoingilia faragha ya mtu bila sababu, na ofisi hupenda kujificha hapo. Ukiomba kwa daraja umeufunga mlango huo, maana sheria hiyo hiyo inazitaka ofisi za umma zichapishe viwango vya mishahara vya maafisa wake kwa kila daraja hata bila kuombwa. Na "kazi yao kuu" badala ya "cheo chao" ndiyo itakayowaleta mezani wale tisa. Barua yangu ya kwanza ilisema "maafisa wa habari", nikajibiwa kwa heshima zote kwamba ni wanne.

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, mbele yako. Ukituma kwa barua pepe, tuma tena kwa mkono. Tarehe ya muhuri ndiyo saa yako.

Hatua ya sita: kusubiri, na kutosubiri zaidi ya inavyopasa

Wana siku 21. Wanaweza kujiongezea mara moja, si zaidi ya siku 14, kama taarifa ni nyingi au lazima washauriane na wengine, na wanapaswa kukuambia. Kama taarifa iko ofisi nyingine, wana siku 5 za kulihamisha ombi na kukujulisha. Siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Usikae ukisema "labda wana kazi nyingi". Kimya ni jibu, na kinakupa haki ya kwenda mbele.

Mbele ni Tume ya Haki za Utawala, CAJ, ambayo wengi tunaiita Ombudsman. Una siku 30 kuomba mapitio. Ambatisha barua yenye muhuri, jibu kama lipo, na maelezo ya ukurasa mmoja. Mara nyingi barua moja kutoka kwa tume hiyo huamsha ofisi iliyokuwa imelala; yangu iliamka hivyo, ikanipa majibu ya maswali manne kati ya sita.

Mahakama ipo, na imeshawahi kuamua jambo linalofanana kabisa na letu. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017 nchi ilijaa matangazo ya serikali ya kusifu kazi iliyofanywa, yenye alama za #GOKDelivers na #JubileeDelivers. Taasisi ya Katiba Institute ikaandika kuuliza: matangazo mangapi, yalitoka lini na wapi, yaligharimu kiasi gani, na nani aliidhinisha. Ikanyimwa. Ikaenda Mahakama Kuu Nairobi, na Novemba 2017 Jaji Mwita akaamua kwamba kunyima taarifa hizo kulivunja Ibara ya 35, akaamuru zitolewe. Hukumu hiyo itaje kwenye barua yako ya pili, ile ya kukumbusha. Waliofanya kazi serikalini watakuambia kwamba mwanasheria wa ofisi akiona jina la kesi, faili lako hupanda juu ya meza. Ukiambiwa mikataba ni siri, kumbuka kwamba Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru itolewe mikataba ya reli ya SGR kwa ombi la Khelef Khalifa na mwenzake. Kama mkataba wa reli unaweza kutolewa, mkataba wa mpiga picha je?

Hatua ya saba: piga hesabu yako kwa haki

Tuchukue mfano wa kubuni, namba za kufundishia tu. Ofisi imekuambia mishahara ya watu wa habari ni milioni 9. Safari zao milioni 6. Fungu la 2210500 lote ni milioni 14, ila ukipitia orodha unaona milioni 8 ni zabuni, nafasi za kazi na chanjo, zinabaki 6. Mikataba ya nje milioni 5. Jumla iliyolipwa ni milioni 26. Bili za matangazo zisizolipwa zilikuwa milioni 4 mwaka ulipoanza na 7 ulipoisha, na zote ni za matangazo ya sifa, hivyo ongeza tofauti ya milioni 3. Gharama halisi ya mwaka ni milioni 29, wakati swali la "mnawalipa kiasi gani" lingekupa 9. Onyesha hesabu yote hivyo, pamoja na ulichokitoa na sababu ya kukitoa. Ukitaja 29 bila kueleza zile 8 ulizoziacha, watakubomoa kwa dakika mbili.

Droo zilizobaki tupu zijaze kwa makadirio na useme ni makadirio. Wakikunyima mishahara lakini wakakupa idadi kwa daraja, chukua viwango vilivyotangazwa na Tume ya Mishahara, SRC, zidisha idadi kwa kiwango cha chini kisha cha juu, uandike "kati ya hiki na hiki".

Ulinganishe na nini? Watu hupenda kulinganisha na wodi ya wazazi: "pesa hizi zingejenga wodi ngapi?" Inaleta makofi, ila haimwambii mtu kama ofisi ina watu wengi kupita kazi yake. Nao wakubwa hupenda kulinganisha na bajeti nzima ya kaunti, ambapo kila kitu huonekana chembe ya mchanga. Linganisha ofisi na nafsi yake, mwaka kwa mwaka, kwa miaka isiyopungua mitano, ili mwaka mmoja wa uchaguzi uwemo na mingine ya kawaida iwemo. Kisha weka kazi pembeni ya pesa: taarifa ngapi zilitolewa kuhusu huduma na ngapi kuhusu kiongozi. Nilifanya hivyo kwa mwezi mmoja kwenye ukurasa rasmi wa ile kaunti ya kisima. Niligawa kwa kalamu mbili, nyekundu kwa picha za kiongozi na bluu kwa jambo ambalo mwananchi angeweza kulitumia, kama tarehe ya bursari au zahanati iliyofungwa. Wino mwekundu uliniishia.

Kabla ya kutoa matokeo, wapelekee ofisi hesabu yako uwape siku saba za kuirekebisha. Wakikosoa kwa haki, rekebisha. Nimewahi kukuta nimehesabu mkataba mmoja mara mbili. Wakikaa kimya, andika kwamba waliulizwa tarehe fulani. Kisha mpe diwani wako nakala mapema, kabla makadirio ya bajeti mpya hayajafika kwenye bunge la kaunti Aprili 30, kwa sababu baada ya hapo kamati zina wiki chache tu kabla ya Juni 30. Wa kwetu niliipeleka mkononi. Akaikunjua, akatafuta namba ya jumla, akaiangalia kitambo, halafu akaniuliza kama 2210200 imo.